Ubongo Unaokisia: Jinsi Tunavyotambua, Tunavyojifunza na Tunavyofahamu

Chukua daftari la mistari. Juu ya mstari mmoja weka alama ya kujumlisha upande wa kushoto na nukta nene upande wa kulia, ukiacha kati yake nafasi ya sentimita 8 hivi. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye alama ya kujumlisha bila kuliruhusu lifuate nukta, kisha sogeza daftari polepole kutoka umbali wa mkono ulionyooka kuja usoni. Ukikaribia sentimita 30, nukta itatoweka. Ukiendelea kusogeza, itarudi. La kushangaza zaidi ni kile kinachobaki mahali pa ile nukta: huoni tundu wala giza, bali unaona mstari wa daftari ukiendelea moja kwa moja kana kwamba hapakuwahi kuandikwa kitu.

Sababu ya jambo hili imejulikana tangu miaka ya 1660, Mfaransa Edme Mariotte alipobaini kwamba kila jicho lina mahali, upande wake wa nyuma, ambapo neva ya macho hutokea kuelekea kwenye ubongo, na mahali hapo hapana hata seli moja ya kupokea mwanga. Tunazaliwa na upofu huo mdogo na kuzeeka nao bila habari. Tukitazama kwa macho mawili, jicho moja hulifidia lingine. Tukifumba moja, ubongo huchukua kilichopo jirani na sehemu isiyoona na kukisia kwamba hata hapo kipo vilevile. Mstari wa daftari unaouona pale hukuletewa na jicho. Umetungwa.

Vitabu vya utangulizi wa saikolojia hugawa somo hili katika sura zinazojitegemea: utambuzi wa mambo kwa njia ya hisi, fahamu, na ujifunzaji. Mgawanyo huo humsaidia mwalimu kupanga vipindi, lakini humwachia mwanafunzi picha kwamba kuna idara tatu ndani ya kichwa, kila moja na kazi yake, na akishafaulu mtihani wa sura ya kwanza anaweza kuiweka kando anapoingia ya pili. Ninavyoona mimi, sura hizo zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa kama maelezo ya kazi moja: ubongo unakisia hali ya ulimwengu, ulimwengu unausahihisha, na sehemu ndogo tu ya shughuli hiyo humfikia mwenye ubongo kama jambo analolijua. Katika sura mbili maelezo hayo yanafanya kazi vizuri sana. Katika ya tatu yanapungukiwa, na ni vyema kusema wazi ni wapi.

Wanasaikolojia hutofautisha hisi na utambuzi. Mwanga unapoigusa retina, ile ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho, na seli zake zikapeleka ishara, hiyo ni hisi; kujua kwamba kilicho mbele yako ni kikombe cha chai kilichojaa pomoni, hiyo ni utambuzi. Kati ya hayo mawili pana pengo kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, kwa kuwa taarifa zinazoletwa na jicho ni haba. Eneo tunaloliona kwa ukali kamili wakati wowote halizidi sana upana wa kucha ya kidole gumba kilichonyooshwa mbele, na ndiyo maana macho huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine mara tatu hivi kwa sekunde, yakiokota vipande. Picha inayoangukia kwenye retina imepinduka kichwa chini, tena ni bapa. Umbo lile lile ndani ya jicho linaweza kuwa limetokana na kitu kidogo kilicho karibu au kikubwa kilicho mbali, na hakuna hesabu inayoweza kuamua kwa kutumia picha hiyo peke yake. Lazima kiongezwe kitu ambacho hakimo ndani ya picha.

Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyekuwa tabibu na mwanafizikia kwa pamoja, alilisema jambo hilo katika kazi yake kubwa kuhusu uoni iliyokamilika mwaka 1867. Kwa maoni yake, kuona ni kuhitimisha: ubongo hupokea dalili, huzilinganisha na mambo uliyoyapitia zamani, kisha hutoa hukumu kuhusu kilicho huko nje, yote hayo bila mwenyewe kujua kwamba kuna hukumu iliyopitishwa. Rafiki anapoagana nawe kituoni na kuondoka, ukubwa wa umbo lake ndani ya jicho lako hupungua nusu kila umbali unapoongezeka maradufu, lakini humwoni akinywea. Unamwona mtu wa kimo kile kile akienda zake, kwa sababu ubongo umezoea kwamba watu hawanywei.

Mazoea hayo hutoka wapi? Mwaka 1961 mwanaanthropolojia Colin Turnbull alichapisha habari za kijana mmoja wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, ambaye alimsindikiza hadi kwenye uwanda wa Ishango. Kijana huyo alikulia katika msitu mzito, ambamo ni nadra mtu kutazama kitu kilicho mbali sana. Alipoona kundi la nyati wakila majani mbali kabisa bondeni, aliuliza wale ni wadudu gani, na alipoambiwa ni nyati alikataa katakata. Gari lilipowakaribia na wanyama wakazidi kukua machoni pake, alishuku uchawi. Habari hii inanukuliwa sana, na mara nyingi vibaya. Ni simulizi la mtu mmoja kuhusu mtu mmoja, si jaribio lililopangwa, na wapo wanaoisimulia kana kwamba inaonyesha upungufu wa watu wa msituni. Kama inaonyesha chochote, ni kwamba macho ya yule kijana yalikuwa yamefundwa barabara kwa mazingira yake, na kwamba kukadiria ukubwa wa kitu cha mbali ni ujuzi unaopatikana kwa kutazama vitu vya mbali. Mtu wa mjini akipelekwa Ituri atapita juu ya nyayo za mnyama bila kuziona, na hakuna atakayemwandika kitabuni.

Ushahidi uliokusanywa kwa utaratibu zaidi ulikuja mwaka 1966, Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walipotoa matokeo ya kuonyesha michoro ya kuhadaa macho kwa watu wa jamii nyingi, zikiwemo kadhaa za Afrika. Mmoja wa michoro hiyo ulibuniwa na Mjerumani Franz Müller-Lyer mwaka 1889: mistari miwili ya urefu sawa, mmoja ukiwa na vibawa vinavyorudi ndani kwenye ncha zake kama mishale, mwingine ukiwa na vibawa vinavyofunguka nje. Ule wa pili huonekana mrefu zaidi. Wakazi wa Evanston, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, walikuwa miongoni mwa waliohadaika zaidi, ilhali baadhi ya jamii, kama Wasani wa Kalahari, hawakuhadaika karibu kabisa. Watafiti walielekea kuamini kwamba wanaokulia ndani ya vyumba vya pembe nne hujifunza kusoma pembe kama dalili ya umbali, na huzisoma hivyo hata karatasini. Maelezo hayo yanabishaniwa mpaka leo, lakini tofauti yenyewe kati ya jamii na jamii imewalazimu wanasaikolojia kujiuliza ni mangapi mengine waliyoyaita tabia ya binadamu wote baada ya kuwapima wanafunzi wa chuo kikuu kimoja.

Mchoro huo una fundisho jingine. Chukua rula, pima mistari yote miwili, hakikisha ni sawa, kisha itazame tena. Bado mmoja ni mrefu. Ujuzi ulioupata kwa rula haukuifikia ile sehemu ya ubongo inayokisia urefu. Hali hii, kwamba kujua jambo hakutoshi kubadilisha namna linavyoonekana au linavyohisiwa, itajitokeza tena huko mbele.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna mfano ulio karibu zaidi, nao uko masikioni. Mtu aliyekulia Kiswahili cha Mombasa au Lamu hutamka paa la nyumba na paa mnyama kwa namna mbili: p ya mnyama hutoka na pumzi, ya nyumba haina. Kwake yeye hayo ni maneno mawili yasiyofanana. Wengi waliojifunzia Kiswahili bara hawaisikii tofauti hiyo mpaka waelekezwe, na hata wakielekezwa huitafuta kwa kukaza sikio, ingawa sauti zinazofika masikioni mwao ni zile zile zinazofika kwa mtu wa Lamu. Nchini Kanada, Janet Werker na Richard Tees waliripoti mwaka 1984 kwamba watoto wachanga wa nyumba zinazosema Kiingereza, wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, waliweza kutofautisha konsonanti za Kihindi ambazo watu wazima wa nyumba hizo hawazitofautishi; walipofikia miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuweza tena. Masikio hayajaharibika. Mtoto amekwisha kujifunza ni tofauti zipi zina maana kwao nyumbani, na zilizobaki ameanza kuzipuuza kabla hata hajatamka neno.

Kwa hiyo utambuzi haueleweki bila ujifunzaji, na hapa ndipo vitabu vingi humleta Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Habari yake inajulikana: mbwa wake walitoa mate walipopewa chakula, na baada ya muda walianza kutoa mate kwa ishara iliyotangulia chakula, kama mlio wa metronomu, kile chombo cha kupimia mapigo ya muziki. Kwa miaka mingi funzo lililotolewa hapo lilikuwa jepesi, kwamba vitu viwili vikitokea pamoja mara nyingi vitaungana akilini. Funzo hilo lina kasoro, na aliyeianika vizuri ni Leon Kamin, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kamin aliwafundisha panya kwamba kelele fulani hufuatwa na shoti ya umeme, mpaka wakawa wanaiogopa kelele hiyo. Kisha akaongeza taa: kelele na taa kwa pamoja, halafu shoti, mara nyingi. Kundi jingine la panya halikupitia hatua ya kwanza. Lilianzia moja kwa moja kwenye kelele na taa. Mwishoni aliwasha taa peke yake. Panya wa kundi la pili waliiogopa. Wale wa kwanza hawakuijali, ingawa kwao pia taa iliandamana na shoti kwa idadi ile ile ya mara. Kama kukutana mara nyingi kungetosha, makundi yote mawili yangeiogopa taa sawasawa. Kilichotokea ni kwamba panya wa kwanza tayari walikuwa na kelele ya kuwatabiria shoti, taa haikuwaambia jambo jipya, na palipokosekana jambo jipya hapakuwa na cha kujifunza.

Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner waliligeuza wazo hilo kuwa kanuni ya hesabu: kiasi cha kujifunza katika tukio moja hulingana na tofauti kati ya kilichotokea na kilichotarajiwa. Tofauti ikiwa kubwa, makisio hurekebishwa kwa kiasi kikubwa. Ikiwa sifuri, hayaguswi. Kisha katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg nchini Uswisi, alipima seli za neva zinazotoa dopamini katika ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli hizo zilichangamka juisi ilipofika. Nyani walipokwisha kuzoea kwamba taa hutangulia juisi, seli zilichangamka taa ilipowaka, na juisi yenyewe ilipofika hazikushtuka. Taa ilipowaka na juisi isije, seli zilizima kwa muda mfupi pale pale ambapo juisi ingefika. Watu wengi huiita dopamini kemikali ya raha, na mitandaoni jina hilo limeshika sana, lakini majaribio haya yanaonyesha jambo jingine: seli zile zilikuwa zikitangaza tofauti kati ya matarajio na matokeo.

Anayetaka kuona kanuni hiyo ikifanya kazi mitaani atazame watu wanaobeti. Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha mwaka 1957 matokeo ya majaribio mengi yaliyoonyesha kwamba njiwa anayelipwa chakula baada ya idadi isiyotabirika ya kudonoa hudonoa kwa kasi bila kupumzika, na malipo yakikatwa huchukua muda mrefu sana kuacha. Ukilisoma hilo kwa kanuni ya tofauti, sababu inaonekana. Malipo yanayotabirika kikamilifu hupoteza uwezo wa kushtua. Yasiyotabirika hubaki kuwa habari mpya kila yanapokuja, na kukosa mara moja hakumwambii njiwa chochote, kwa sababu alikwisha kukosa mara nyingi kabla ya kupata. Anayepanga mechi kadhaa kwenye mkeka mmoja yuko katika hali hiyo hiyo, na linaongezeka jambo lingine. Mkeka uliochanwa na timu moja na mkeka uliochanwa na timu sita vinalipa sawa, yaani havilipi kitu, lakini mwenye mkeka hutoka na hisia mbili tofauti kabisa. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Luke Clark wa Cambridge waliona kwamba katika mchezo wa mashine ya kamari, kukosa chupuchupu kuliwaudhi wachezaji kuliko kukosa kwa mbali, na hata hivyo kuliwaongezea hamu ya kucheza tena, huku kukiamsha sehemu za ubongo zilizoamshwa na ushindi. Ni maoni yangu kwamba mkeka unaochanika dakika za majeruhi hufanya kazi ile ile, nao ule mchezo wa kindege kinachopaa umejengwa wote juu ya chupuchupu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ubongo hujifunza chochote kwa urahisi sawa. John Garcia na Robert Koelling walionyesha mwaka 1966 kwamba panya waliokunywa maji matamu yaliyoandamana na mwanga na mlio, kisha wakaugua, walikuja kuuchukia utamu na kupuuza mwanga na mlio; waliopigwa shoti walifanya kinyume. Tumezaliwa tukiwa na mwelekeo wa kulaumu chakula tumbo linapoharibika. Mtu aliyekula pweza jioni na kushikwa na homa na kutapika usiku huo huweza kuchukia harufu ya pweza kwa miaka, hata kama kipimo cha hospitali kilionyesha malaria na yeye mwenyewe anakiri pweza hana hatia. Ni yale yale ya mistari na rula.

Tena kilichofunzwa hakifutiki kwa wepesi. Pavlov mwenyewe aliona kwamba mbwa aliyeacha kutoa mate baada ya ishara kutofuatwa na chakula mara nyingi, akipumzishwa kisha ishara ikarudiwa, hutoa mate tena. Makisio ya zamani yalikuwa yamefunikwa tu na mapya. Aliyeacha sigara akakaa vizuri kwa miezi kadhaa, kisha akarudi kwenye kijiwe alichokuwa akivutia, anaijua habari hii bila kuisoma.

Mpaka hapa nimesema ubongo unakisia na kujifunza, bila kumtaja sana mwenye ubongo. Yeye yuko wapi katika shughuli yote hii?

Neno fahamu linabeba mambo mawili ambayo ni vizuri yatenganishwe. La kwanza ni hali: mtu yuko macho, amelala, amepigwa nusukaputi, amezimia. Hali hizi hupimika kwa kiasi. Hans Berger alichapisha mwaka 1929 michoro ya umeme wa ubongo wa binadamu iliyochukuliwa kwa vipande vya chuma juu ya kichwa, na mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago waliripoti kwamba usingizi una vipindi ambavyo macho hucheza haraka chini ya kope, na anayeamshwa katika kipindi hicho mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Lakini hata hali huweza kumhadaa anayetazama kutoka nje. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari na ambaye, kwa vipimo vya kando ya kitanda, alihesabiwa kuwa hana fahamu kabisa. Wakiwa wamemweka ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, walimwomba afikirie anacheza tenisi, kisha afikirie anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Sehemu za ubongo zilizoamka zilikuwa zile zile zinazoamka kwa watu wazima wa afya, na zilitofautiana kulingana na ombi.

La pili ni yaliyomo: katika yote yanayopita ndani ya ubongo sasa hivi, ni yapi yanayokufikia? Jibu la miaka sabini iliyopita ya utafiti ni kwamba ni machache mno. Henry Molaison wa Marekani alipasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalosaidia kutunza kumbukumbu, ikaondolewa pande zote mbili. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kushika kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota kwa kalamu huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi inayomsumbua mtu yeyote anayeianza. Kwa siku tatu mfululizo Molaison aliendelea kuwa hodari zaidi, na kila alipokaa mezani aliamini kwamba hajawahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza. Yeye hakuwa na habari.

Kwa upande wa kuona, Lawrence Weiskrantz alieleza mwaka 1974 habari za mgonjwa aliyejulikana kwa herufi D.B., ambaye kwa upasuaji alipoteza sehemu ya ubongo wa nyuma inayohusika na uoni, akawa hawezi kuona upande mmoja wa eneo la mbele yake. Alipoombwa akisie tu mwanga umewaka wapi upande huo, alinyoosha kidole mahali penyewe kwa usahihi usioweza kuelezwa na bahati, huku akisisitiza kwamba haoni kitu na alikuwa anabahatisha.

Mtu asiye na jeraha lolote naye ana mipaka yake. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya timu mbili zikirushiana mpira na kuwataka wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila alipita kati ya wachezaji, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Wengi hulichukulia hili kama kichekesho cha watu wasio makini, kwa hiyo jaribio la mwaka 2013 la Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe ndilo linalostahili kutajwa zaidi. Wao waliweka picha ya gorila, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida, ndani ya picha za mapafu zilizokaguliwa na madaktari bingwa wa kusoma picha. Kati ya madaktari 24, 20 hawakumwona, na kifaa kilichofuatilia macho yao kilionyesha kwamba wengi wa hao 20 walimtazama moja kwa moja. Walikuwa wakitafuta vivimbe, na ubongo uliwaletea vivimbe. Watafiti wa usalama barabarani wanaijua sana hali hii kwenye makutano: dereva wa gari hutazama kulia na kushoto, pikipiki ipo wazi kabisa, na bado huingia barabarani mbele yake, kisha husema kwa dhati kwamba hakuiona. Ubongo wake ulikuwa umejiandaa kuona magari. Mwendesha bodaboda anayeamini kwamba kutazamwa ni kuonwa anaweka maisha yake juu ya dhana ambayo saikolojia imekwisha kuikanusha.

Hapa ndipo maelezo ya makisio yanapopungukiwa. Yanaeleza vizuri ni kipi kitapita na kipi kitaachwa, na nadharia kama ile ya Bernard Baars ya mwaka 1988 huongeza kwamba kinachopita ni kile kinachotangazwa kwa sehemu nyingi za ubongo kwa pamoja ili zote zikitumie. Lakini mwaka 1995 mwanafalsafa David Chalmers aliuliza swali ambalo kanuni ya Rescorla na Wagner haigusi: kwa nini shughuli hiyo yote iandamane na kuhisi? Mashine inaweza kukisia, kukosea na kujirekebisha, na hakuna anayelazimika kuamini kwamba kukosea kunaiuma. Wapo wanasayansi wanaosema swali hilo litayeyuka lenyewe tutakapojua kazi za ubongo kwa ukamilifu. Sioni sababu ya kuwa na uhakika huo, na kitabu cha utangulizi kinachomwambia mwanafunzi kwamba fahamu imekwisha kuelezwa kinamdanganya.

Kuna mahali pamoja ambapo sura zote tatu hukutana kwa namna inayomgusa mwanafunzi mwenyewe, nako ni pale anapojikagua kama amelielewa somo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha kusoma. Baadhi walikisoma tena na tena katika vipindi vinne. Wengine walikisoma mara moja, kisha katika vipindi vitatu vilivyofuata wakaandika wanachokumbuka bila kukiangalia. Waliorudia kusoma walitamba kwa dakika chache za mwanzo. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 hivi ya kifungu, na waliojipima wenyewe walikumbuka asilimia 61. Anayerudia kusoma huona maandishi yakipita kwa wepesi, naye huuchukua wepesi wa macho kuwa ni ujuzi. Anayejaribu kukumbuka hukwama, hukosea, na huondoka mezani na mashaka. Wanafunzi hao walipoulizwa, kabla ya wiki hiyo kupita, ni kwa kiasi gani wanaamini watakumbuka, walioonyesha imani kubwa zaidi walikuwa wale waliosoma mara zote nne.